Kilti ya Bei Nafuu au ya Sufu: Namna ya Kuchagua Kabla Hujatoa Pauni Zako

Ukiishi Uskoti miaka miwili mitatu, mwaliko utakufikia tu. Mfanyakazi mwenzako anaoa, au jirani ameandaa chakula cha usiku wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns, tarehe 25 Januari, na kadi inasema mwenye kupenda aje na kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti. Unakwenda mjini kutazama bei. Kwenye duka la mtaa wa watalii kule Edinburgh unaikuta kwa pauni 40. Unavuka barabara, unaingia kwa fundi, anakutajia pauni 600 na kukuambia usubiri wiki kadhaa. Kwa jicho la mgeni zote mbili ni kitambaa cha drafti chenye marinda nyuma na mikanda ubavuni. Hizo pauni 560 zimekaa wapi?

Nimeishi Glasgow muda wa kutosha kulijibu swali hilo, na mara ya kwanza nililijibu vibaya. Nilichukua ya pauni 40, ya akriliki, yaani uzi wa kiwandani unaoiga sufu, nikaivaa harusini. Mpaka saa ya chakula ilikuwa sawa. Ilipoanza ngoma yao ya keili, ile ya kushikana mikono na kuzungushana safu kwa safu, kitambaa kilianza kunata mapajani kama inavyonata nguo ya nailoni, na nyuma mikunjo ilikuwa imekwisha kulala kama sketi iliyokaliwa darasani kutwa nzima. Wenzangu walipozunguka, kilti zao zilifunguka na kurudi mahali pake kama mlango wenye bawaba nzuri. Yangu ilining'inia. Iliniuma zaidi kwa kuwa nimelelewa na fundi cherehani. Mama yangu, Tanga, ameshona sketi za shule miaka mingi, na kazi nzuri ya marinda ninaijua tangu utotoni. Siku ile dukani sikuangalia alivyonifundisha kuangalia.

Mwongozo huu ni wa ndugu yangu aliyepo Glasgow, Aberdeen au Dundee na anataka kuvaa vazi la wenyeji wake vizuri, bila kutupa pesa.

Kwanza, ondoa hofu ya kuonekana umedharau

Wengi wetu tunadhani kuvaa kilti ya kawaida, isiyo ya gharama, ni kuwakosea wenyewe. Sivyo. Kilti ilianza kama nguo ya kazi. Watu wa nyanda za juu za Uskoti walijifunga kitambaa kirefu cha sufu, kikawa vazi mchana na blanketi usiku. Hii fupi yenye marinda ya kushonwa ilitokana na ile katika karne ya 18. Baada ya vita vya Culloden, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi waliotoka hasa nyanda hizo, serikali ilipitisha sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume wasio wanajeshi kuvaa mavazi hayo, na katazo hilo halikuondolewa mpaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh na yeye mwenyewe akavaa kilti, na kuanzia hapo ikapanda hadi kuwa vazi la sherehe kubwa.

Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu ya jambo hili. Kikoi hujifunga mvuvi ngalawani, na kikoi hujifunga mzee barazani siku ya Idi. Kinachotofautiana ni kitambaa na unadhifu. Waskoti nao wana kilti ya kupandia mlima na kilti ya harusi, na wanayemwona amekosea ni yule aliyechukua moja akaipeleka mahali pa nyingine.

Hatua ya 1: hesabu mara utakazoivaa

Kabla ya kutazama rangi, kaa uhesabu: katika miaka mitatu ijayo utaivaa mara ngapi, na wapi?

Kama ni harusi moja tu, usinunue. Kodi. Maduka ya kukodisha yapo karibu kila mji wa Uskoti, na wanakupa seti nzima: kilti ya sufu, koti, fulana ya vifungo, soksi, viatu, na ule mkoba wa mbele uitwao sporani. Kwa kawaida haizidi sana pauni 100, na utaonekana bora kuliko aliyenunua seti nzima ya bei rahisi kwa pesa zilezile. Nenda kupimwa mapema, hasa harusi ikiwa ya kiangazi.

Kama ni mpira kwenye uwanja wa Hampden pamoja na mashabiki wa timu ya taifa wanaojiita Tartan Army, au michezo ya jadi ya Highland uwanjani, au kutembea milimani kwenye matope, basi chukua ya kawaida bila kusita. Bia itamwagika, mvua itanyesha, utakaa kwenye nyasi. Hapo kilti ya pauni 600 ni mzigo wa roho.

Kama unaalikwa mara mbili au zaidi kwa mwaka kwenye shughuli za heshima, au umeoa huku na ukoo wa mkeo unaishi kwa keili, endelea kusoma kwa makini. Wewe ni mtu wa sufu.

Hatua ya 2: shika kitambaa

Vitambaa utakavyokutana navyo ni vinne. Akriliki ndiyo ya bei ya chini kabisa. Ni laini na inang'aa kidogo, inashika umeme wa msuguano, baada ya muda inatoa vijipira vya nyuzi, na pasi ya moto inaiharibu. Ya pili ni mchanganyiko wa polista na viskosi. Hiki ni kitambaa cha heshima zake: kinafanana na kile cha suti za kawaida, kinashika mkunjo, na kinafuliwa kwa mashine nyumbani. Kiwanda cha Marton Mills kule Yorkshire kinakifuma kwa ajili ya kilti hasa. Ya tatu ni pamba nzito ya aina ya kaki au turubai jepesi, isiyo na drafti, yenye mifuko mikubwa ubavuni. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia kampuni ya Utilikilts iliyoanza Seattle, Marekani, mwaka 2000. Ni nguo ya fundi na mtu wa kambi, wala haijifanyi kuwa kitu kingine.

Ya nne ni sufu iliyosokotwa vizuri na kufumwa kwa mistari ya mshazari. Sufu huuzwa kwa uzito. Utasikia wauzaji wakisema aunsi 11, aunsi 13, aunsi 16, yaani uzito wa yadi moja ya kitambaa kipana. Aunsi 16 ni karibu gramu 450. Kilti kamili huhesabiwa yadi 8 za kitambaa cha nusu upana, ambazo ni yadi 4 za kile kipana, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: aunsi 16 mara 4 ni kitambaa cha karibu kilo 1.8 kiunoni. Ya kawaida yenye yadi 5, kwa kitambaa cha aunsi 11, haifiki hata kilo moja. Uzito huo ndio unaoifanya kilti icheze. Ukigeuka, marinda hufunguka kwa kasi yako, kisha uzito wake wenyewe huyarudisha. Hakuna pasi inayoweza kuipa akriliki kitu hicho.

Kuna jambo lingine la sufu ambalo mtu anayetoka joto la Pwani hawezi kuliamini mpaka avae. Inaweza kunywa unyevu mpaka karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Utacheza, utatoka jasho, utatoka nje kwenye manyunyu, na bado haitakuganda mwilini. Ukumbi wa keili huwa na joto kali, kwa hiyo ukiona aunsi 16 ni nzito mno kwako, aunsi 13 ni uamuzi mzuri sana na ndio ninaoupendekeza kwa wengi wetu.

Kama unanunua kwa mtu na huna uhakika na maneno yake, omba uzi mmoja uliolegea upande wa ndani. Uchome juu ya sinki. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikiacha tone jeusi gumu.

Hatua ya 3: igeuze, utazame nyuma na ndani

Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ndipo nilipopaswa kumkumbuka mama.

Itandaze kilti mezani, mbele chini. Tazama mistari ya drafti inavyokwenda upande wa marinda. Kwenye kazi nzuri, fundi amekunja kila rinda kwa hesabu ili mchoro ulioko mbele uendelee uleule nyuma, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Au amefuata njia ya jeshi: kila rinda limewekwa ili mstari mmoja ule ule uonekane katikati yake, na nyuma nzima inasomeka kama mistari ya wima iliyosimama sawasawa. Njia zote mbili ni sahihi. Kwenye kazi ya haraka, kitambaa kimekunjwa kwa nafasi sawa tu bila kujali mchoro, na nyuma rangi zimevurugika. Huhitaji kuwa fundi kuiona tofauti hiyo. Ukishaionyeshwa mara moja utaiona barabarani kila siku.

Sasa hesabu marinda. Kilti ya yadi 8 huwa na kama 25 hadi 30. Ya bei rahisi mara nyingi ina machache, na ni mafupi kwa ndani: ingiza kidole kwenye mkunjo mmoja uone kinazama kiasi gani. Kikigota upesi, jua kitambaa kimebaniwa.

Kisha tazama sehemu ya juu, kati ya kiuno na nyonga. Hapo marinda lazima yawe yameshonwa chini, kila moja, huku yakipungua upana kuelekea kiunoni ili kilti ishike umbo la mwili. Kwa mkono, kazi ya kilti moja huchukua fundi saa 20 au zaidi, na mishono haionekani. Ya mashine inaonekana, na si dhambi. Mishono iliyonyooka ya mashine ni bora kuliko ya mkono iliyokwenda upogo. Kisichokubalika ni marinda yaliyopigwa pasi tu na kushikwa na mkanda wa juu. Hayo yataisha siku ya kwanza utakapokaa kwenye gari.

Geuza ndani. Je, kuna bitana ya pamba? Ukibonyeza, kuna kitambaa kigumu kilichofichwa kati ya bitana na sufu? Hicho ndicho kinachobeba uzito usivute marinda chini. Mikanda iwe ya ngozi, na bizimu zishonwe kwenye kilti na si kugundishwa. Mwisho tazama ukingo wa chini. Kilti ya jadi haina upindo: chini ni ukingo wenyewe wa kitambaa kama ulivyotoka kiwandani, umenyooka na hauna mshono. Upindo ukiwepo, marinda huwa manene chini na hayaangukii vizuri.

Nyingi za zile za bei nafuu hushonwa Pakistan, na hasa Sialkot, mji ambao mafundi wake hutengeneza hata zumari za mifuko zinazopigwa na Waskoti wenyewe. Sipendi kusikia mtu akidharau kilti kwa sababu ya mahali iliposhonwa. Nimeshika kazi ya Sialkot iliyo safi na nimeshika kazi ya hapa iliyolipuliwa. Geuza ndani, usome mshono.

Hatua ya 4: pima, na usitumie namba ya suruali

Kilti hukaa juu kuliko suruali, usawa wa kitovu. Chukua futikamba, zungusha kitovuni juu ya shati jembamba, usivute tumbo. Hicho ni kipimo cha kwanza. Cha pili ni nyonga mahali zilipo pana zaidi. Cha tatu ni urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti, na hiki mwombe mtu akupimie, maana ukiinama tu kimeharibika.

Ukishaivaa, piga magoti sakafuni huku mgongo umenyooka. Ukingo wa chini uiguse sakafu kidogo sana au uinuke kama inchi moja. Ikikunjika chini ni ndefu. Ikikaa juu sana ni fupi. Zile za kawaida huuzwa kwa urefu mmoja, mara nyingi inchi 24, kwa hiyo mtu mrefu au mfupi atateseka nazo. Hii peke yake imewapeleka rafiki zangu wawili kwa fundi.

Kwa mwanamume, upande wa nje hufunika kutoka kushoto kwenda kulia, na ncha yake inaishia ubavu wa kulia. Pini ya mapambo huchomwa chini ya ncha hiyo, kwenye kitambaa cha nje tu. Ukiichoma mpaka kitambaa cha ndani, utachana kilti utakapokaa.

Hatua ya 5: jumlisha vinavyofuatana nayo

Watu hulinganisha bei ya kilti kwa kilti na kusahau vingine. Sporani, mkanda, soksi ndefu za sufu, viatu, na koti la jioni au la mchana. Seti ya jioni mpya, pamoja na kilti ya kushonewa, inaweza kuvuka pauni 1,000. Ya kawaida ina huruma hapa: fulana nzuri, buti, soksi zilizokunjwa, umekwisha kuvaa.

Kuna pia kile kisu kidogo cha kuchomeka soksini. Sheria ya Uskoti inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini ukipanda ndege kiweke kwenye mzigo wa chini, kisikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 6: kabla ya kununua mpya, tafuta mitumba

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu, na sisi tuliokulia mitumba ya masoko kama Karume na Gikomba tunauelewa kuliko mtu yeyote. Kilti ya sufu iliyoshonwa vizuri hukaa miongo. Watu hunenepa, wazee hufariki, bendi hubadilisha sare, na kilti hizo huishia maduka ya hisani, minada ya mtandaoni na vibanda vya wauza nguo za jadi. Nimenunua ya kwangu, yadi 8, aunsi 16, kwa pauni 90. Nilipoigeuza ndani niliona mishono ya mkono midogo kama chawa wa mchele.

Kagua mambo matatu. Iinue kwenye dirisha uone mwanga: matundu madogo ni kazi ya nondo, wadudu wanaokula sufu, na matundu kwenye sehemu ya mbele hayafichiki. Tazama kama marinda ya makalioni yameng'aa kwa kukaliwa. Na pima kiuno mwenyewe, usiamini lebo. Bizimu zinaweza kusogezwa na fundi ukapata inchi moja au mbili. Zaidi ya hapo iache, kwa sababu kupanua marinda yote ni karibu sawa na kushona upya.

Kwa hiyo mpangilio wangu uko hivi. Mara moja, kodi. Nje na mpira, mchanganyiko wa polista na viskosi, au pamba. Mara kwa mara, sufu ya mtumba. Ukishazoea na pesa ipo, mpe fundi akushonee mpya, maana mafundi wa mkono wa kilti wanapungua na kazi yao inastahili kulipwa. Akriliki siipendekezi kwa mtu mzima kwa shughuli yoyote.

Kuhusu drafti na kuhusu stara

Hakuna sheria inayokukataza kuvaa tartani, yaani drafti ya Kiskoti, ya ukoo usio wako, ingawa ile ya Balmoral imehifadhiwa kwa familia ya kifalme na heshima ni kuiacha. Tartani iitwayo Black Watch, ya kijani na buluu iliyokolea, huvaliwa na yeyote na haigombani na koti lolote. Daftari rasmi la tartani lilianzishwa kwa sheria ya 2008 na liko wazi mtandaoni, ukitaka kutafuta yenye uhusiano na mji unaoishi au kazi yako.

Kwa Mwislamu, goti ni suala. Kilti huishia katikati yake na hupanda ukikaa. Wapo wanaovaa kaptura ndefu ya ndani, lakini ipo njia iliyo safi zaidi: suruali ya tartani, inayokubalika kabisa kwenye shughuli zilezile, pamoja na koti lilelile. Hakuna Mskoti atakayekuuliza.

Kuitunza

Ya polista na viskosi ifue kwa maji ya uvuguvugu, ining'inize ikiwa bado na maji, marinda yakiwa yamenyooshwa kwa mkono. Ya sufu usiiingize kwenye mashine kamwe. Baada ya kuivaa ining'inize kwa vibanio usiku kucha ipate hewa, kisha isugue kwa brashi laini. Doa lifute palepale kwa kitambaa kilicholoa maji baridi. Kwa dobi wa nguo kavu ipeleke mara chache sana, na kabla ya kuipeleka piga bandi marinda yote kwa uzi mweupe, mistari miwili, ili yarudi kama yalivyokwenda. Ukiiweka kabatini iwe safi, kwenye mfuko wa kitambaa, maana nondo hufuata jasho na mafuta.

Ukisafiri nayo usiikunje kama shati. Ilaze, ipange marinda, kisha ivingirishe kwa upande mpaka iwe gogo jembamba refu, uisukume ndani ya mguu wa soksi ndefu ya kike iliyokatwa ncha. Yangu ilisafiri hivyo kutoka Glasgow hadi Tanga. Niliichomoa mbele ya mama, akaichukua bila kusema neno, akaigeuza ndani kwanza, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni. Kisha akaitandaza kitandani na kuanza kuhesabu. Yalikuwa 27.